Mpira wa Kariakoo, Mashabiki wa Masasi

Uwanja mkubwa kuliko vyote nchini Tanzania una jina la mtoto wa Masasi. Benjamin William Mkapa alizaliwa Lupaso, wilayani Masasi, mkoani Mtwara, mwaka 1938. Alikuwa Rais wa awamu ya tatu, na ujenzi wa uwanja mpya wa taifa jijini Dar es Salaam ulianza katika utawala wake. Uwanja ulifunguliwa mwaka 2007 ukiwa na nafasi ya watazamaji 60,000. Julai 2020 Mkapa alifariki dunia, akazikwa kijijini kwao Lupaso, na uwanja ule ukapewa jina lake. Hapo ndipo klabu za Simba na Yanga hukutana, na hapo ndipo mpira wa Tanzania hukusanya fedha nyingi kwa siku moja kuliko mahali pengine popote nchini.

Fedha hizo hazitoki Dar es Salaam peke yake. Shabiki wa Masasi mjini, wa Ndanda, wa Newala au wa Kitangari hulipia king'amuzi, hununua jezi, hulipa kiingilio cha kibanda umiza cha kutazamia mechi, na huweka vocha ili asikilize au asome habari za timu yake. Mdhamini anapotia saini mkataba wa mabilioni, anachonunua ni macho na masikio ya watu hao. Kwa sababu hiyo mpangilio wa ligi, mgao wa mapato na ushabiki ni mambo matatu yanayokwenda pamoja.

Ushabiki ndio uliotangulia. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata, 1936, ikazaliwa klabu ya pili ambayo kwa miaka mingi iliitwa Sunderland, kabla ya kuchukua jina la Simba mwaka 1971. Zote mbili zina makao yao eneo la Kariakoo, Dar es Salaam, moja mtaa wa Jangwani, nyingine mtaa wa Msimbazi. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, Sunderland ndiyo iliyotwaa ubingwa wa kwanza. Tangu hapo kila kizazi kimekuwa na mechi yake ya kukumbuka. Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0, na Abdallah Kibadeni akafunga matatu peke yake. Novemba 2023 Yanga ikaifunga Simba mabao 5 kwa 1. Matokeo hayo mawili hutajwa kwa tarakimu tu, sita na tano, na kila mtu hujua linalosemwa.

Watanzania huziita klabu hizi watani wa jadi, na neno hilo lina uzito wake Kusini. Utani ni uhusiano wa kale kati ya makabila na kati ya koo, unaompa mtu ruhusa ya kumtania mwenzake hata pale ambapo mtu mwingine angeonekana hana adabu. Msibani mtani huweza kumwigiza marehemu, kuzuia shughuli mpaka apewe chochote, na waombolezaji wakacheka huku wanalia. Utani una haki na una mpaka. Mtani hatukani kwa chuki, na aliyetaniwa hakasiriki. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayetarajiwa kushika jembe na kuchimba kaburi.

Ushabiki wa mpira ulipofika uwanda wa Makonde ulikuta utaratibu huo umekwisha simama. Ndiyo maana katika nyumba moja ya Newala mume anaweza kuwa Yanga, mke Simba, na watoto wamegawanyika, bila nyumba kuvunjika. Wa Simba huwaita wenzao Utopolo, wa Yanga hujibu kwa kuwaita Makolo. Timu ikifungwa Jumamosi, mwenye duka la timu iliyofungwa hujua kwamba Jumatatu wateja wa kwanza watakuja kumsalimia kwa kejeli kabla hawajataja wanachonunua. Anavumilia, kwa kuwa zamu yake itafika.

Siku ya dabi, Simba na Yanga zinapokutana, kibanda umiza hujaa mapema. Ni chumba cha kuta za mabati au matofali, chenye mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, na televisheni iliyofungwa juu kabisa ili hata aliye nyuma aone. King'amuzi kimefungiwa ndani ya kasha la nondo. Mlangoni kijana mmoja anapokea kiingilio, shilingi chache tu kwa kila kichwa, na anapanga sarafu kwa mafungu juu ya kigoda. Mashabiki wa Simba hukaa upande mmoja, wa Yanga upande wa pili, na katikati huachwa kijia chembamba ambacho kila bao likiingia hupotea. Umeme ukikatika mwenye kibanda hukimbilia jenereta huku watu wamemkazia macho kama mgonjwa anayemngoja daktari. Kila sarafu iliyo juu ya kigoda kile ni sehemu ya uchumi wa mpira wa Tanzania, ingawa haionekani katika hesabu ya mechi yoyote.

Baada ya ushabiki huja mpangilio wa ligi. Klabu ya Masasi au Newala inayotaka kucheza Ligi Kuu hupanda ngazi ndefu. Huanza na ligi ya wilaya, kisha ligi ya mkoa wa Mtwara. Bingwa wa mkoa huingia Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, ambako hukutana na mabingwa wenzake wa nchi nzima. Wanaofaulu hapo hupanda First League, wakitoka hapo Championship, na wawili wa juu wa Championship ndio huingia Ligi Kuu moja kwa moja. Upande wa pili, timu mbili za mwisho za Ligi Kuu hushuka, na zilizoshika nafasi ya 13 na ya 14 hucheza mchujo wa kuokoa nafasi.

Idadi ya klabu za Ligi Kuu yenyewe imebadilika mara kadhaa. Msimu wa 2014/15 zilikuwa 14. Msimu uliofuata zikawa 16. Msimu wa 2018/19 zikafika 20, halafu zikapunguzwa kuwa 18 msimu wa 2020/21, na tangu 2021/22 zimerudi kuwa 16. Mabadiliko ya aina hii huonekana kama hesabu ya ofisini, lakini mikoani yana maana kubwa. Ligi ikipanuliwa, mkoa wa mbali hupata mlango. Ligi ikibanwa, zinazotoka kwanza ni zile zisizo na mdhamini, zisizo na basi, zinazolipa wachezaji kwa kuungaunga.

Klabu ya Ndanda ni mfano wa karibu. Jina lake limetokana na Ndanda ya wilaya ya Masasi, mji mdogo unaojulikana kwa misheni ya Wabenediktini na hospitali yake, lakini uwanja wake wa nyumbani ulikuwa Nangwanda Sijaona, Mtwara mjini, kilomita zipatazo 200 kutoka Masasi. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 ikiwa na mashabiki walioitwa Wana Kuchele, kutokana na usemi wa Kusini usemao Mtwara kuchele, yaani Mtwara kumekucha. Kwa misimu sita mkoa wa Mtwara ulikuwa na timu ya kuitazama ana kwa ana. Simba ilikuja, Yanga ilikuja, Azam ilikuja. Msimu wa 2019/20, mwaka ambao ligi ilikuwa inapunguzwa kutoka 20 kwenda 18, Ndanda ilishuka pamoja na Alliance, Lipuli na Singida United. Haijarudi.

Jirani zao wa Lindi walipata bahati tofauti. Namungo ya Ruangwa ilipanda msimu wa 2019/20, msimu uleule ambao Ndanda ilikuwa inaaga. Mwaka 2020 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, ikafungwa na Simba mabao 2 kwa 1 huko Sumbawanga, na kwa kuwa Simba ilikuwa tayari bingwa wa ligi, Namungo ikapata nafasi ya kuiwakilisha Tanzania katika Kombe la Shirikisho Afrika. Ilifika hatua ya makundi. Klabu ya wilaya ya korosho ilipangwa kundi moja na Raja Casablanca ya Morocco na Pyramids ya Misri. Hilo linaonyesha kwamba Kusini haikosi uwezo wa kucheza. Kinachokosekana ni uwezo wa kudumu.

Kudumu hutegemea aina ya klabu. Ligi Kuu ya msimu wa 2025/26 ilianza ikiwa na klabu za wanachama, ambazo ni Simba, Yanga, Coastal Union na nyingine chache. Ilikuwa na klabu za kampuni, kama Azam na Mtibwa Sugar. Ilikuwa na klabu za majeshi na magereza, kama JKT Tanzania, Mashujaa ya Kigoma na Tanzania Prisons. Ilikuwa na klabu zinazobebwa na halmashauri, kama KMC, Dodoma Jiji na Pamba Jiji. Klabu ya wananchi wa mji mdogo, isiyo na kampuni, jeshi wala halmashauri nyuma yake, ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote. Ikikosa mshahara wa miezi mitatu, kikosi chake hutawanyika.

Udhaifu huo umeleta jambo jingine, nalo ni klabu kuhama. Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali mkoani Mbeya, na mashabiki wake walikuwa wakulima wa mpunga wa Ubaruku. Mwaka 2024 ilihamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Nayo timu iliyokuwa Singida ikijulikana kama Singida Big Stars, baadaye Singida Fountain Gate, ilibaki na jina la Fountain Gate na kwenda Babati, mkoani Manyara. Kitayosce ilitoka Kilimanjaro ikawa Tabora United. Sheria za mpira zinaruhusu nafasi ya ligi kubadili mmiliki, jina na makazi kwa masharti. Lakini shabiki hahamishiki kwa karatasi. Mkulima wa Ubaruku aliyepiga kelele miaka mitatu hawezi kufunga safari hadi uwanja wa Liti, Singida, kila wiki. Anachofanya ni kurudi kibandani na kuchagua Simba au Yanga. Kila klabu ya mkoa inayokufa au kuhama huongeza mashabiki wa klabu mbili za Kariakoo.

Jambo hili halipo Tanzania peke yake. Nchini Marekani, ambako mpira wao wa Kimarekani wa vyuo vikuu hukusanya watu zaidi ya 100,000 uwanjani, vyuo vimehama makundi ya ligi kwa sababu ya fedha za televisheni. Mwaka 2024 vyuo vya Texas na Oklahoma viliingia kundi la SEC. Mwaka huohuo USC, UCLA, Oregon na Washington, vyote vya pwani ya Pasifiki, viliingia kundi la Big Ten, lenye asili yake katikati ya nchi na mkataba wa matangazo unaozidi dola bilioni 7 kwa miaka saba. Kundi la Pac-12 lililodumu zaidi ya miaka mia moja likabaki na vyuo viwili tu kwa wakati huo. Ushindani wa majirani uliorithishwa kutoka babu hadi mjukuu ukakatika au ukaondolewa kwenye ratiba ya kawaida. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu kila chuo kuwagawia wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo hata katika nchi tajiri swali ni lilelile la Mtwara: fedha ikikua, inamfuata nani, na nani anaachwa?

Mapato ya mpira wa Tanzania yana vyanzo vinne vikuu: kiingilio cha mlangoni, haki za matangazo, udhamini wa ligi, na udhamini wa klabu moja moja. Kila kimoja kina mgao wake.

Kiingilio ndicho chanzo cha zamani. Kwa miaka mingi mapato ya mlangoni yaligawanywa kati ya mwenyeji na mgeni, baada ya makato. Baadaye utaratibu ukabadilika, mwenyeji akawa mwenye mapato ya mechi yake. Makato yenyewe ni marefu: kodi ya ongezeko la thamani, gharama za tiketi, mwenye uwanja, shirikisho, Bodi ya Ligi, chama cha mpira cha mkoa na gharama za mchezo. Chukua mechi ya mfano iliyoingiza shilingi milioni 10. Kodi ya asilimia 18 iliyomo ndani ya bei ya tiketi ni zaidi ya shilingi 1,525,000. Klabu haijagusa kitu, tayari zimebaki chini ya milioni 8.5, na wengine wote bado wako kwenye foleni.

Mkulima wa Masasi anaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa, kwa sababu ndiyo hesabu ya korosho. Tangu stakabadhi ghalani ianze Mtwara msimu wa 2007/08, mkulima hupeleka gunia kwenye chama cha msingi, korosho hupangwa daraja, husafirishwa hadi ghala kuu, huuzwa kwa mnada kupitia chama kikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa Newala, kisha mkulima hupokea bei ya mnada ikiwa imeondolewa makato ya wote walioishika njiani. Makato yakieleweka na kuandikwa ukutani, mkulima huyakubali. Yakifichwa, yeye hurudi kwa walanguzi. Klabu nazo ziko hivyohivyo.

Mabadiliko ya mapato ya mlangoni yalikuwa na matokeo mawili. Simba na Yanga, zinazojaza uwanja wa Mkapa, zilinufaika kwa kubaki na mapato ya nyumbani kwao. Klabu za mikoani nazo zilipata nafasi ya kuvuna siku mbili kwa mwaka, Simba na Yanga zinapokuja kwao. Nangwanda Sijaona ilijaa siku hizo, na wengi waliojaa walivaa jezi za wageni. Mechi nyingine za nyumbani hazikufanana na hizo mbili. Klabu inayotegemea siku mbili za mavuno kwa msimu mzima ina bajeti ya kutegemea mvua.

Haki za matangazo ndizo zilizobadilisha hali. Mwaka 2013 Azam Media ilipewa haki ya kuonyesha Ligi Kuu, na kila klabu ikapangiwa shilingi milioni 100 kwa msimu, sawa kwa sawa. Yanga ilipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba klabu yenye mamilioni ya mashabiki haiwezi kulipwa sawa na klabu isiyo na watazamaji, na pia kwamba mwenye matangazo ana udugu wa kibiashara na klabu ya Azam iliyomo ndani ya ligi hiyohiyo. Hoja ya upande wa pili ilikuwa kwamba watazamaji hawanunui Yanga peke yake, wananunua mechi, na mechi ina timu mbili. Mjadala huo haujazeeka mpaka leo.

Mei 2021 ukaja mkataba mkubwa zaidi. Shirikisho la soka nchini, TFF, na Azam Media zilitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, wastani wa bilioni 22.56 kwa mwaka. Mgao ukapangwa kwa njia mbili: fedha zinazoifikia kila klabu, na zawadi kwa kadiri ya nafasi, bingwa akitengewa shilingi milioni 500 na mshindi wa pili milioni 250. Oktoba 2021 Benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu wa ligi, na mwaka 2023 ikaongeza mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya shilingi bilioni 32.6. Kwa klabu ndogo fedha hizi zilikuwa kama kisima kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji yako chini sana na kila ndoo huhesabiwa.

Pengo hata hivyo liliendelea kukua kupitia chanzo cha nne. Mwaka 2022 Yanga ilitangaza mkataba na SportPesa wa zaidi ya shilingi bilioni 12 kwa miaka mitatu. Simba ikatangaza mkataba na M-Bet wa zaidi ya bilioni 26 kwa miaka mitano, yaani zaidi ya bilioni 5 kwa mwaka. Mkataba wa NBC kwa ligi ukigawanywa kwa miaka yake ni bilioni 6.52 kwa mwaka. Kifua cha jezi ya klabu moja kilikaribia thamani ya jina la ligi nzima. Fedha hiyo ni halali na imetokana na ukubwa wa ushabiki. Lakini ndiyo inayoamua nani atamsajili mshambuliaji kutoka Afrika Magharibi na nani atabaki na kijana aliyetoka likizo ya shule.

Ushabiki pia umewahi kuizuia fedha ya pamoja. Novemba 2021 TFF ilitangaza kampuni ya GSM kuwa mdhamini mwenza wa ligi kwa shilingi bilioni 2.1 kwa miaka miwili. GSM ilikuwa mfadhili wa Yanga, na Simba ikakataa kuvaa nembo yake. Februari 2022 mkataba ukavunjika. Simba na Yanga hazikuumia kwa kukosa mgao ule. Zilizoumia ni klabu za mikoani, ambazo hazikuwa na ugomvi na mtu yeyote na ambazo mgao huo ungezilipia posho, nauli na kambi.

Hali kama hiyo ilionekana katika ratiba. Mei 8, 2021, dabi haikuchezwa kwa sababu muda wa kuanza ulisogezwa na Yanga ikakataa muda mpya. Machi 8, 2025, dabi iliahirishwa baada ya Simba kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi na kutangaza kwamba haitacheza. Ilichezwa Juni 25, siku ya mwisho ya ligi, na Yanga ikashinda mabao 2 kwa 0. Siku kama hizo wenye vibanda umiza wa Masasi na Newala huwa wamekwisha lipia king'amuzi na kununua mafuta ya jenereta. Klabu kubwa ikigoma, anayelipa kwanza ni mdogo aliye mbali.

Haki inataka isemwe pia kwamba nguvu ya klabu hizi mbili imeleta faida ya taifa. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Simba ikafika fainali ya kombe hilohilo mwaka 2025. Matokeo yao ya kimataifa yameipa Tanzania nafasi nne katika mashindano ya Afrika, na nafasi hizo huzifikia hata klabu nyingine. Oktoba 2023 Ligi ya Soka ya Afrika, iliyoalika klabu 8 tu za bara zima, ilifunguliwa katika uwanja wa Mkapa, Simba ikitoka sare ya 2 kwa 2 na Al Ahly. Simba ilipokea heshima kubwa siku ile. Lakini mashindano ya kualikana yana hatari ileile iliyowakuta vyuo vya Marekani: wachache hujitenga na fedha, na ligi ya nyumbani hubaki kuwa mahali pa kupitia.

Kipimo cha ligi yenye afya ni idadi ya timu zinazoweza kuwa bingwa. Zamani Tanzania ilitimiza kipimo hicho. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa mwaka 1975, Pan African mwaka 1982, Tukuyu Stars ya Mbeya mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, na Mtibwa Sugar mara mbili, mwaka 1999 na 2000. Tangu hapo, klabu moja tu nje ya Simba na Yanga imefanya hivyo, nayo ni Azam, mwaka 2014. Hakuna klabu ya Mtwara wala ya Lindi iliyowahi kutwaa ubingwa huo.

Uingereza, ambako ligi ni tajiri kuliko zote duniani, ilianza Ligi Kuu yake kwa kanuni iliyo wazi: nusu ya fedha za matangazo ya ndani hugawanywa sawa kwa klabu zote, robo kwa nafasi, na robo kwa idadi ya mechi zinazoonyeshwa. Klabu kubwa hupata zaidi, lakini ndogo haifi. Tanzania tayari ina mbegu ya kanuni hiyo katika mkataba wa 2021. Kinachobaki ni kuilinda, kutangaza hadharani kila klabu imepokea nini kila msimu, na kuhakikisha sehemu ya fedha inashuka chini ya Ligi Kuu, hadi Championship, First League na ligi za mikoa, ambako timu za Masasi na Newala zinaanzia.

Kusini nayo ina wajibu wake. Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 katika mto Rufiji liliondoa adha ya kivuko cha Ndundu, na timu za ugenini hazina tena sababu ya kuikwepa Mtwara. Halmashauri za miji mingine zimebeba klabu hadi Ligi Kuu. Halmashauri za Masasi na Newala hukusanya ushuru wa korosho kila msimu, na vyama vya ushirika vina mtandao unaofika kila kijiji. Klabu yenye wanachama wanaolipa ada ndogo msimu wa mauzo, hesabu zake zikisomwa mbele yao kama zinavyosomwa hesabu za mnada, ina mizizi ambayo tajiri mmoja hawezi kuing'oa na kuihamishia mkoa mwingine.

Hakuna anayelazimika kuiacha Simba au Yanga ili afanye hivyo. Utani wa jadi una nafasi ya kutosha, na mtu wa Kusini amezoea kuwa na watani wengi kwa wakati mmoja. Msimu wa 2025/26 ulianza Mtwara na Lindi zikiwa na klabu moja tu Ligi Kuu, Namungo ya Ruangwa. Masasi, iliyotoa jina la uwanja mkubwa kuliko vyote nchini, haina timu ya kwenda kucheza ndani yake.